Protini katika maji ya dialisisi ya tumbo: zipi zinasaidia sasa, zipi bado ni za watafiti

Ndugu uliyeuliza, nimeelewa kwamba mama yako anasafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo, na kwamba umesikia kuna protini zinazoonyesha matatizo kabla hayajajitokeza, ndiyo maana unataka kujua kama umtafutie kipimo hicho. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha dialisisi ya tumbo hapa Uingereza, na nitajibu kutokana na kazi hiyo. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: maambukizi, ambayo huweza kuzuka ndani ya saa chache, na kuchakaa kwa utando wa tumbo (ngozi nyembamba ya ndani inayochuja damu), ambako huchukua miaka.

Kwa maambukizi, yaani peritonaitisi, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unataka mambo mawili kati ya matatu: dalili kama maumivu ya tumbo au maji yaliyochafuka, chembe nyeupe zaidi ya 100 katika kila mikrolita, zaidi ya nusu zikiwa nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria), baada ya maji kukaa tumboni angalau saa mbili, au vijidudu kuota maabara. Kuotesha vijidudu huweza kuchukua siku kadhaa, na kuna nyakati haoti hata mmoja ilhali mgonjwa anaumwa waziwazi. Hapo ndipo protini zinapopata kazi. Nyutrofili zinapoingia tumboni kupambana na bakteria humwaga vimeng'enya kama MMP-8 na MMP-9 pamoja na protini iitwayo NGAL, na seli za utando wenyewe hutoa kwa wingi interlukini-6, protini ya kuamsha kinga ya mwili. Kipimo cha PERiPLEX, kilichobuniwa hapa Uingereza na kampuni ya Mologic, husoma MMP-8 na interlukini-6 kwa mistari inayojitokeza kwenye kijiti, kama kile cha ujauzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff wamekwenda mbali zaidi: wanasoma protini na seli nyingi kwa pamoja ili kubashiri ni kundi gani la bakteria limeingia, jambo ambalo lingesaidia sana kuchagua dawa.

Kwa mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa, hata hivyo, kilicho karibu zaidi ni karatasi ya kawaida ya kupimia mkojo. Kisanduku chake cha chembe nyeupe hupima esterezi, kimeng'enya cha nyutrofili hizohizo. Ukichovya kwenye maji yaliyotoka tumboni na kusubiri dakika mbili, rangi ya maziwa ikigeuka zambarau, mpigie muuguzi wenu. Isipogeuka, lakini mfuko ukiuweka juu ya gazeti huwezi kusoma maandishi, mpigie vilevile, kwa sababu hakuna karatasi inayozidi uzito wa mfuko uliochafuka. Uchukueni na mfuko wenyewe, msiumwage. Daktari hataanza kubishana na kipimo. Ataanza antibiotiki mara tu sampuli itakapochukuliwa. (Maji meupe kama maziwa bila maumivu yoyote wakati mwingine husababishwa na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile lercanidipine, lakini uamuzi huo si wa nyumbani.)

Kuhusu kuchakaa kwa utando, protini inayotajwa zaidi ni CA125, ambayo hutolewa na seli zinazofunika utando. Seli hizo zikipungua, nayo hushuka. Tatizo ni kwamba viwango hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na hutegemea pia maji yamekaa tumboni muda gani, kwa hiyo namba moja peke yake haina maana. Kinachosema kitu ni mwelekeo wa mgonjwa yuleyule, kipimo kikichukuliwa kwa masharti yaleyale. Interlukini-6 iliyomo kwenye maji huendana na utando unaopitisha haraka mno sukari ya maji ya dialisisi, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba haibashiri vizuri nani atafariki. Inflamesheni ya mwili mzima, yaani mwitikio wa kinga unaopimwa kwenye damu, ndiyo iliyobashiri hivyo. Mchanganyiko wa CA125 ya chini na interlukini-6 ya juu umeonekana pia kwa baadhi ya wagonjwa kabla ya utando kukakamaa na kuyafunga matumbo, tatizo ambalo ni nadra lakini baya sana.

Kwa maoni yangu, usilipie vipimo hivi vya utando. Kwa uamuzi wa kila siku havijashinda daftari ambalo kila familia inaweza kuwa nalo: andika kila mfuko ulioingia na uliotoka, uzito wake na nguvu ya sukari iliyomo ndani ya maji yake, pamoja na uzito wa mama asubuhi. Maji yanayotolewa yakianza kupungua huku sukari ileile ikitumika, au mkilazimika kutumia mifuko ya asilimia 3.86 mara kwa mara, mwombe daktari afanye kipimo cha saa nne cha upitishaji wa utando, na akitumia maji ya 3.86, apime pia sodiamu baada ya saa moja. Sodiamu isiposhuka kama inavyotakiwa, utando umeanza kushindwa kuvuta maji.