Flaiwili nyepesi ama orijino kwa WRX ya Nakuru

Boss, umeuliza kama uweke flaiwili nyepesi (flaiwili ni lile gurudumu la chuma nyuma ya injini, klachi inashika hapo) kwa Subaru WRX yako sasa venye giaboksi inashushwa kwa sababu ya klachi, na umesema gari ni ya kwenda kazi kutoka Kiamunyi kila siku, alafu wikendi unapanda Timboroa. Mimi nimeendesha Impreza ya turbo na zote mbili hapa hapa Nakuru. Kwa hayo matumizi yako baki na orijino.

Gereji watakuambia nyepesi inaongeza nguvu. Haiongezi. Injini inatoa nguvu ile ile, kitu inabadilika ni kiasi gani kinaliwa kuzungusha hiyo chuma wakati rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda, ndio maana utaisikia gia ya kwanza na ya pili, ukifika ya nne ama tano huoni tofauti. Giaboksi nyingi za gia tano, rasio ya gia ya kwanza iko 3.4 hivi na ya tano iko chini ya 0.8, na hii athari inaenda na skwea ya hiyo rasio (rasio mara rasio), kwa hivyo gia ya kwanza unaipata hiyo athari zaidi ya mara 18 ukilinganisha na ya tano. Hapo unaona ni kitu ya mtu wa autokrosi, yale mashindano ya gari ya kona fupi fupi, gia za chini, rpm inapanda na kushuka kila saa. Kwa hiyo kazi ni tamu sana, ukigusa mafuta kushusha gia kabla ya kona injini inajibu papo hapo, na mimi naipenda mpaka leo.

Sasa kuja kwa barabara. Umeona ile injini ya zamani ya posho mill, ile ya gurudumu zito kando? Mahindi yakiingia mengi mara moja haizimi, ju gurudumu limeweka mwendo akiba. Flaiwili inakufanyia hivyo ukitoa gari. Ukiwa jam ya Kenyatta Avenue ama unapanda Menengai na mwenye probox amesimama ghafla mbele yako, orijino inakutoa polepole bila fujo, lakini nyepesi inataka uinue rpm na uache klachi iteleze kidogo, na klachi ikiteleza kila siku inaisha mapema. Alafu sisi tuko juu, Nakuru ni kama mita 1,850 na Timboroa inapita 2,700, hewa ni nyembamba, turbo inachelewa kuamka, na ni hapo kabla iamke ndio uzito wa flaiwili unakusaidia. Mtu wa Kisumu mjini, kwa tambarare na hewa nzito, anaweza kuivumilia kuliko wewe.

Pia kuna taa ya injini. Kompyuta inajua silinda imekosa kuwaka kwa kusoma mwendo wa krenki (ile shafti ya injini inayozungusha flaiwili) ukiyumba, na ukiwa na flaiwili nyepesi krenki inayumba zaidi, kwa hivyo unaweza kupata kodi ya P0300, ile ya silinda kukosa kuwaka, na plagi ziko sawa kabisa. Ukiwasha AC ukiwa umesimama utasikia gari inatetemeka.

Kitu naomba sana usifanye ni kupeleka orijino kwa leithi (mashine ya kukata chuma) ipunguzwe. Najua wako watu wanafanya na ni bei rahisi. Nyingi ni chuma cha kumimina, ukikata mahali si pake inabaki na udhaifu, na ikipasuka kwa rpm 7,000 vipande vinatoboa kava ya giaboksi na miguu yako iko hapo karibu. Kama lazima uende nyepesi nunua ya kromoli (aina ya chuma ngumu) iliyotengenezwa hivyo, iwe na cheti cha SFI, cha usalama wa vifaa vya mashindano, na uulize uzito umetolewa wapi, ju kilo moja ya ukingoni ina kazi mara nne ya ile iko nusu ya njia kwenda katikati. Mbili zenye kilo sawa zinaweza kuendesha tofauti kabisa.

Ukibaki na orijino, mwambie fundi aiskimu uso (akwangue kidogo iwe sawa) kabla ya kuweka klachi mpya, isipokuwa kama ni ile ya vipande viwili yenye springi ndani, hiyo kwa kawaida haiskimiwi, inabadilishwa. Na maadam giaboksi iko chini weka sili mpya ya nyuma ya krenki, beringi ya katikati, beringi ya klachi na bolti mpya za flaiwili, zikazwe kwa torki renchi.