Kabla ya Kwenda Tai-an, Anza na Nakala Yake

Mara ya kwanza nilipofika Yamazaki, kusini-magharibi mwa jiji la Kyoto, nilikuta lango la hekalu la Myokian limefungwa, na kosa lilikuwa langu. Nilidhani kwamba mahali penye sifa kubwa kiasi kile hapakosi dirisha la tiketi. Chumba cha chai cha Tai-an, yaani kibanda cha sherehe ya chai kilichomo katika hekalu hilo, kilichotangazwa kuwa Hazina ya Taifa ya Japani mwaka 1951, hutazamwa kwa miadi, nami baadaye niliiomba kwa kadi ya posta ya kwenda na kurudi: sehemu moja hubeba ombi lako, nyingine hubeba anwani yako ili hekalu likujibu. Ukitaka kwenda, iandike zaidi ya mwezi mmoja kabla ya safari, na uombe msaada wa mtu anayejua Kijapani.

Lakini ushauri ulionifanya niandike makala haya ni mwingine. Usianzie hekaluni. Anzia katika makumbusho ya historia ya mji wa Oyamazaki, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni, kwa sababu humo imejengwa nakala ya Tai-an kwa vipimo vyake halisi. Wapo wanaodharau nakala, nami nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo, hekaluni huruhusiwi kuingia chumbani wala kupiga picha. Unachungulia kutoka nje, macho yakiwa bado hayajazoea giza la ndani, na asiyejua atafute nini ataona kibanda cheusi tu.

Chumba chenyewe kina mikeka miwili ya tatami, yaani eneo lisilofika mita nne za mraba. Kinahusishwa na Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe ya chai aliyemtumikia mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi, na inasimuliwa kwamba kilijengwa karibu na mwaka 1582, Hideyoshi alipomshinda mpinzani wake Akechi Mitsuhide katika vita vya Yamazaki. Mlango wake ni mdogo kiasi kwamba mgeni, hata awe jemadari, huingia kwa magoti. Ukiwa mbele ya nakala, upime mlango huo kwa mabega yako mwenyewe. Kisha tazama kwa makini pembe za tokonoma, kile kidaka cha kutundikia maandishi: udongo umepakwa juu ya nguzo za pembeni zikafunikwa, hata jicho lisijue ukuta unaishia wapi, na chumba kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Aliyekulia katika nyumba ya kukandika ana faida hapa. Kuta za Tai-an ni udongo uliochanganywa na majani makavu, na baadhi ya madirisha yake ni sehemu ambazo hazikukandikwa, fito zikaachwa wazi ili mwanga upenye katikati yake. Kwetu, fito zikionekana, jirani atakuuliza kama mvua ilikuwa kubwa au kama fedha za fundi zimeisha. Pale ziliachwa kwa makusudi, na mbele ya nakala ile nilicheka peke yangu hadi mlinzi akageuka.

Kama haja yako ni kunywa chai na si kutazama tu, nenda mji wa Inuyama, mkoani Aichi, katika bustani ya Urakuen, kilipo chumba cha Jo-an, ambacho nacho ni Hazina ya Taifa. Kilijengwa Kyoto na Oda Uraku, mdogo wake mbabe wa vita Oda Nobunaga, kikahamishwa zaidi ya mara moja hadi kikatua Inuyama mwaka 1972. Chai ya unga ya kijani huandaliwa katika jengo jingine la bustani hiyo. Vaa soksi safi, na vua saa na pete kabla ya kushika bakuli, kwani chuma hukwaruza ufinyanzi.

Nilirudi Myokian siku iliyoandikwa kwenye kadi, saa moja tu baada ya kutoka makumbusho. Niliinama mlangoni, nikaitafuta kwanza ile nguzo ya pembeni, na sikuiona.