Maswali na Majibu: Rangi ya kuificha ndege isionwe na rada

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni kijana wa Tabata, nasomea umeme, na wenzangu wawili tunaunda droni ya povu ya kupiga picha mashamba ya Rufiji. Kuna fundi mtandaoni anauza kopo la rangi yenye unga wa chuma. Anasema hiyo ndiyo siri ya ndege za stelthi, zile za kivita zinazojificha rada: ukishapaka, rada haikuoni tena. Je, ni kweli? Na kama siri ni rangi, mbona F-35, ndege ya stelthi ya Marekani, ni ghali hivyo na inaishia Mach 1.6 (mara 1.6 ya kasi ya sauti), wakati MiG-21 za enzi za Vita vya Kagera zilifika Mach 2? Si wangechukua ndege yenye mbio wakaipaka tu?

JIBU: Marahaba, kijana. Hilo kopo usinunue. Ningeweza kuishia hapo, ila swali la rangi naletewa kila mara, tena na watu waliosoma, na kila likija limebadilisha nguo: leo ni kopo, jana ilikuwa stika, kesho itakuwa dawa ya kupuliza. Linanichosha, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Tuanze na hesabu ambayo muuzaji wako hawezi kukuonyesha. Wimbi la rada hutawanyika likienda, na likishagonga ndege hutawanyika tena likirudi. Matokeo yake, mwangwi unaoifikia rada hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Igeuze hesabu hiyo uone inavyouma: ukitaka rada ikuone kwa nusu ya umbali wa mwanzo, lazima mwangwi wako uwe mdogo mara 16. Si mara mbili.

Chukua rada kubwa iliyosimikwa Dar es Salaam, inayoweza kuiona ndege ya kivita ya kawaida ikiwa juu ya Dodoma, kilomita kama 400 kwa mstari ulionyooka. Ipake ndege hiyo rangi nzuri kweli, inayonyonya asilimia 90 ya wimbi. Muuzaji atakwambia imebaki asilimia 10 tu, umeshafichika. Rada itakuona ukiwa kilomita 225 kutoka Dar, yaani hata Morogoro hujafika. Ili ikuone ukiwa umeshaingia Kibaha, kilomita 40 kutoka Dar, mwangwi unatakiwa upungue mara 10,000, na hakuna rangi inayokufikisha huko.

Sasa tazama faida yenyewe ni nini. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kutoka Dodoma ni dakika 27. Kutoka Kibaha hazifiki dakika tatu. Stelthi ni biashara ya dakika hizo. Adui anachelewa kukuona, kombora lake linachelewa kufungiwa shabaha, na wewe umeshafyatua lako. Neno hili la "ndege isiyoonekana" linalopendwa na vichwa vya habari ndilo linalowapa matapeli mtaji. Ndege hizi zinaonekana. Zinaonekana kwa kuchelewa, kwa baadhi ya rada, kutoka baadhi ya pembe.

Kinachopunguza mwangwi kwa maelfu ni umbo. Mpira uliopigwa ukutani kwa mshazari haurudi miguuni mwako, na ndege ya stelthi inajaribu kufanya hivyohivyo kwa wimbi: ilipeleke pembeni, popote pale isipokuwa kule lilikotoka. Msingi wa hesabu zake uliandikwa na Mrusi, Pyotr Ufimtsev, katika kazi yake ya mwaka 1962 kuhusu mawimbi yanavyojikunja kwenye kingo. Wakubwa wake hawakuona kama ina maana kijeshi, ikachapishwa wazi. Wamarekani wakaitafsiri, na mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya ndege ya Lockheed, Denys Overholser, akaitumia kuandika programu ya kukadiria mwangwi wa umbo fulani kabla halijajengwa.

Kompyuta za miaka ya 1970 hazikuweza kukokotoa nyuso zilizopinda. Ndiyo maana F-117, ndege ya stelthi ya Lockheed iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981, ilikuwa ya vibapa vitupu, kama iliyokatwa kwa shoka. Umbo hilo halikupendwa na hewa hata kidogo. Ndege isingetulia angani bila kompyuta kusahihisha usukani muda wote. Haikuweza kuvuka kasi ya sauti. Haikubeba rada, kwa sababu ukiwasha rada umejitangaza, na antena yenyewe ni kioo kizuri cha kurudisha mawimbi ya mwenzako. Mzigo wake ulikuwa mabomu mawili tumboni. Waliitwa wabunifu wa ndege ya kivita, wakatoa ndege isiyoweza kupigana na ndege nyingine. Mshika mbili moja humponyoka, na hawa walijua kabisa ni ipi wanaiachia.

Na pamoja na kuachia yote hayo, usiku wa tarehe 27 Machi 1999 F-117 moja iliangushwa Serbia na kikosi cha Kanali Zoltán Dani, kwa makombora ya S-125, mfumo wa miaka ya 1960. Walikuwa na rada ya P-18, ambayo wimbi lake lina urefu wa kama mita mbili. Wimbi refu kiasi hicho halijali sana vibapa na kingo ndogo. Linaishika ndege kwa ukubwa wa mkia na mabawa yake. Ubaya wake ni kwamba halikupi mahali sahihi pa kulenga, linakwambia tu kuna kitu upande ule. Dani alilitumia kujua pa kutazama, akawasha rada ya kulengea kwa sekunde chache, ndege ikiwa karibu. Hesabu ya Kibaha hiyo hiyo.

Hapo ndipo rangi inapoaibika zaidi. Mpako unaonyonya wimbi hufanya kazi vizuri pale unene wake unapooana na robo ya urefu wa wimbi ndani yake. Rada ya kulengea yenye wimbi la sentimita 3 unaweza kuikabili kwa mpako wa milimita chache. Kwa wimbi la mita mbili ungehitaji mpako mnene mara makumi zaidi ya huo, usiobebeka na ndege. Halafu kuna uzito: milimita moja tu ya mpako uliosheheni unga wa chuma inaweza kufika kilo tatu au nne kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana kwenye ndege halisi mpako ni wa kumalizia. Unawekwa kwenye kingo, kwenye viungio vya milango, ndani ya njia ya hewa, pale ambapo umbo limeshindwa. Ukiwa na umbo baya, ni kupoteza chuma.

Tuje kwa F-35 na MiG-21 yako. Ukiipaka MiG-21, bado mdomo wake wa hewa uko puani, wazi, unaumeza wimbi na kulirudisha. Bado makombora na matangi yananing'inia chini ya mabawa. Bado mkia wa wima na mkia wa mlalo vimekaa kwa pembe mraba, na pembe mraba ndiyo inayorudisha wimbi kwa uaminifu kuliko kitu chochote. Kichwa cha rubani, kiti chake na vyuma vyote vya chumbani vinaonekana kupitia kioo; ndege za stelthi hupakwa tabaka jembamba la metali kwenye kioo hicho ili wimbi lisiingie ndani kabisa.

Kuondoa hayo yote kuna bei, na bei hailipwi mara moja. Silaha zikiingia tumboni, tumbo linapanuka, na mwili mpana unasumbuliwa na hewa karibu na kasi ya sauti. Tena tumbo lina mwisho: F-35 ikitaka kubaki imefichika hubeba makombora manne ya angani kwa angani, basi. Ikitundika mengine nje, imerudi kuwa ndege ya kawaida yenye bei ya stelthi. Njia ya hewa inapindishwa ili mapanga ya injini yasionekane kutoka mbele, na kupinda huko kunachukua nafasi ambayo ingekaa mafuta. Ndege ya Mach 2.5 kama F-15 ina vibao vinavyosogea mdomoni mwa injini kurekebisha hewa kadiri kasi inavyopanda. Kila kibao kina ukingo na mwanya, na kila mwanya ni mwangwi. F-35 imeviondoa, ikawekewa kinundu kisichosogea. Ni nyepesi, ni safi mbele ya rada, ila kasi ya juu imeachwa hapo mlangoni.

Wala usiililie sana hiyo Mach 2. Inapatikana juu sana, kwa dakika chache, kwa kumwaga mafuta nyuma ya injini na kuyawasha, na mara nyingi bila mzigo wa maana. Na joto la mwendo huo ni adui wa mpako: matoleo mawili ya F-35, yaani F-35B na F-35C, yalikuja kuwekewa ukomo wa muda wa kuruka kupita kasi ya sauti kule juu kabisa, kwa sababu mkia ulikuwa unaweza kuungua na mpako kubabuka.

Mwaka 1991 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na ndege mbili za majaribio mezani, YF-22 na YF-23, lichague moja iwe ndege yake mpya ya stelthi. YF-23 ndiyo iliyosifiwa kwa kujificha na kwa mbio. YF-22 ilijipinda vizuri zaidi, kwa sababu midomo yake ya moshi iliweza kuelekezwa juu na chini. Wakachagua YF-22, ikawa F-22. Mashabiki wanabishana mpaka leo. Mimi naona ubishi huo hauna mwisho kwa sababu hakuna jibu nje ya vita unayotarajia kupigana. Halafu F-35 ikatwishwa zigo lingine: ndege moja kwa majeshi matatu, na mojawapo iweze kutua wima. Feni ya kuinua hiyo inayotua wima, F-35B, imekaa nyuma ya rubani, ikala mafuta (tani sita badala ya tani nane na ushee za F-35A) na ikapunguza nafasi ya mabomu. Mwaka 2004 mradi ulijikuta na uzito wa ziada unaozidi tani moja, ikabidi wabunifu warudi kukwangua gramu kwa gramu.

Droni yako sasa. Povu halina shida na rada. Wimbi linapita humo karibu kama halikuona kitu. Mwangwi wa droni yenu unatoka kwenye mota, betri na nyaya. Mkiipaka unga wa chuma uliokorogwa kienyeji, kuna uwezekano mkubwa mtaongeza mwangwi kwenye sehemu ambayo haikuwa nao, na mtakuwa mmeongeza uzito hadi betri ikate mapema. Lakini niseme lililo zito zaidi: kwa nini mnataka isionekane? Droni ya kupiga picha mashamba inasajiliwa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), inaombewa kibali, na inatakiwa ionwe na rubani wa ndege ndogo anayeelekea Selous au Mafia. Hata wenye F-35 na F-22 wakiruka wakati wa amani hufunga vishikizo vidogo vya kurudishia mawimbi, makusudi, ili waongoza ndege wawaone na adui asipate kupima mwangwi wao halisi. Sisi nchi hii tumegharamikia rada hadi tukarudishiwa chenji ya rada, zile fedha tulizozidishiwa kwenye bei, halafu kijana wa Tabata anataka kuikimbia kwa kopo.

Ninachokasirikia hasa ni kwamba tapeli huyu si wa droni peke yake. Kuna dawa ya kupulizia namba za gari, eti tochi ya trafiki isikusome ukiwa unateremka Kitonga. Tochi, iwe ya rada au ya leza, inapima chochote kinachoirudishia mwangwi mbele ya gari: boneti, rejeta, taa, gurudumu. Namba ni kipande kidogo tu, na ungeifuta kabisa bado mwendo wako ungesomeka vilevile, na kosa la pili lingekuwa juu yake. Kuna stika za kubandika nyuma ya simu "kuzuia mionzi". Ingekuwa inazuia kweli, simu isingeshika mtandao; ikizuia kidogo, simu inaongeza nguvu ya kurusha ili ifikie mnara, na unaishia kupata kile ulicholipia kukikwepa. Wote hawa wameokota jambo moja la kweli, kwamba kuna vitu vinavyonyonya mawimbi, wakaliuza bila masharti yake.

Ukikutana na yeyote kati yao, muulize inanyonya mawimbi ya masafa (frikwensi) gani, wimbi likija kwa pembe ipi, inapunguza mwangwi kwa desibeli ngapi, na zilipimwa wapi. Mipako ya kweli ipo sokoni, inatumika kwenye antena na kwenye vyumba vya kufanyia vipimo, na wanaoitengeneza hukupa karatasi yenye grafu: hapa inanyonya vizuri, hapa kidogo, hapa haifai. Udhaifu wake wameuandika wenyewe, kwa sababu mhandisi anayenunua atauliza. Fundi wa kopo akikujibu kwamba yake ni kwa rada zote, usiendelee na maswali mengine.