Poni wa wenyewe anaumwa na wewe ni mgeni tu: nilivyoharibu mara ya kwanza

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili. Unafundisha watoto wa familia moja kule Karen kila Jumamosi, wamenunuliwa poni juzi juzi, na wewe uliyekulia na punda Naivasha unaona kabisa mnyama hatembei sawa. Hujui uanzie wapi bila kuonekana unajifanya daktari, na kazi bado unaihitaji. Hapo juu nusu wamekwambia "ripoti" na nusu "nyamaza, si wako". Mimi nitakueleza yaliyonipata, maana kwa poni mmoja huyo huyo nilishasema vibaya, kisha nikaja kusema vizuri.

Nilikuwa saisi, mtunza farasi, miaka kumi na mbili. Nilianzia mazizi ya karibu na uwanja wa mbio wa Ngong Road, nikamalizia kwenye nyumba za watu Lang'ata na Karen. Siku hizi nauza marobota ya nyasi kavu. Hilo la nyasi lishike, litarudi.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimekolea. Nilikuwa nashusha marobota nyumba moja, wateja wapya, nikamwona poni wao katikati ya ua. Wanamwita Biskuti. Chini yake nyasi ya kikuyu imestawi kijani mpaka inameta. Miguu ya mbele ameinyoosha mbele na uzito wote ameurudisha nyuma, kama mtu anayeshuka mteremko wa matope kwa viatu vya kuazima. Shingoni ana nundu ya mafuta, ukiishika ni ngumu. Na ukutani ndoo ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, kimetoka agroveti. Kijana wa shamba aliniambia kwa fahari, "Huyu anakula vizuri, mzee, kuliko sisi."

Kwa wasiojua: poni ni farasi wa umbo dogo, mnyama wa kuishi kwa majani haba. Mweke kwenye majani mabichi yenye sukari nyingi, usimpe kazi, atanenepa, kisha kwato zitawaka. Ndani ya ukwato kuna mfupa ulioshikiliwa na tabaka laini. Tabaka zile zikivimba mfupa unaanza kulegea, na ukiachiliwa unainama kuelekea chini. Ndiyo laminitisi. Punda nao inawapata, kwa hiyo mwalimu jicho lako usilidharau. Hicho chakula cha ng'ombe nacho ni balaa jingine: baadhi yake huchanganywa na monensini, dawa ambayo ng'ombe anaivumilia lakini farasi kiasi kidogo tu kinamharibu moyo.

Sasa nilichofanya. Baba mwenye nyumba alikuwa anaingia garini, watoto tayari wamekaa nyuma na sare za shule. Nikamsogelea dirishani nikasema, "Bosi, huyu farasi mnamuua. Mnamlisha vibaya." Hivyo hivyo. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole, "Wewe si ndiye unayeuza nyasi?" Akapandisha kioo.

Hebu jiweke mahali pake. Mtu wa nyasi anasema majani ya bure ya uani ni mabaya. Isitoshe nimemwambia muuaji mbele ya wanawe. Mimi nilikuwa na haki na nilikuwa mjinga, vyote kwa pamoja. Wiki mbili hawakuagiza hata robota moja, na wiki mbili hizo Biskuti aliendelea kula majani ya uani.

Aliyeniokoa ni kijana wa shamba. Watu huwa wanamruka huyu, wanakimbilia kwa tajiri, kumbe ndiye anayejua mnyama amelala saa ngapi na ameamka vipi. Alinibipu jioni moja, nikampigia. "Mzee, leo amelala mchana kutwa. Nikimwinua anatetemeka." Nikamwambia amwombe mama ruhusa, nije kesho asubuhi, bila nyasi na bila bei.

Nilifika mikono mitupu. Mama akatoka na kikombe cha chai, uso umekaza. Sikumwambia lolote kuhusu chakula. Nikasema, "Mama, naomba unisaidie kitu kimoja. Weka kiganja hapa." Nikamwekea mkono kwenye ukwato wa mbele. "Sasa hapa." Wa nyuma. Akarudi wa mbele mwenyewe, bila kuambiwa. Ulikuwa na moto kama sufuria iliyoepuliwa kitambo kidogo. Halafu nikachukua vidole vyake viwili nikaviweka kando ya kifundo, kwa nyuma, pale mshipa unapopita. Farasi mzima pale unautafuta mshipa mpaka unakata tamaa. Kwa Biskuti ulikuwa unagonga. Mama akanyamaza. Chai imepoa mkononi. Msichana wao, wa miaka kama tisa, akauliza, "Anaumwa, Mama?" na mama akasema, "Ndiyo. Anaumwa."

Unaona, mimi sikulitamka. Alilitamka yeye.

Baada ya hapo maswali yakawa yake. Je, ni kosa letu? Nikamjibu kwamba aliyewauzia alipaswa kuwaeleza, na kwamba nyasi ya kikuyu baada ya mvua imewashinda hata wenye farasi wa miaka mingi. Haikuwa uongo. Nikamwambia pia mimi si daktari, na kwamba leo hii ampigie daktari wa mifugo anayewajua farasi, maana wengi wa huku wamezoea ng'ombe na mbwa. Alipiga nikiwa nimesimama pale pale. Kama mtu hana pa kuanzia, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, wataelekeza.

Daktari alikuja na mashine ya eksirei ya kubeba. Mfupa ulikuwa umeanza kuinama kidogo mguu wa kushoto. Akaandika dawa ya maumivu, akaagiza azuiliwe kwenye banda lenye maranda mengi chini, ndoo ya chakula cha ng'ombe iondoke, nyasi kavu zipimwe kwa mizani na zilowekwe kwanza ili sukari kiasi itoke na maji. Mama alitaka kumnyima chakula kabisa apungue haraka, daktari akamkataza vikali: poni mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu na ini linaweza kushindwa. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua nusu nusu. Fundi wa kwato alianza kuja kila wiki sita. Miezi mitano hakupandwa. Leo anatembea vizuri, ila uani haachiwi tena isipokuwa amefungwa kikapu cha mdomoni asile sana, na msichana amekua, miguu inakaribia kugusa chini.

Kwa hiyo, mwalimu, turudi kwako. Wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho: huuzi chochote, na watoto wanakupenda. Usianzie kwa baba na usianzie mezani mbele ya wageni. Anzia kwa anayemlisha. Muulize anakula nini, amelala lini mara ya mwisho, kwato zilikatwa lini. Uliza kama mtu anayependa farasi, si kama polisi wa kaunti. Halafu mpate mama peke yake, umwombe muende mkamtazame pamoja. Chagua jambo moja ambalo mkono wake mwenyewe utalihisi au jicho lake litaliona. Moja tu. Hata kama umeona kwato ndefu, kupe masikioni, tandiko linalombana na mbavu zilizofunikwa mafuta, hayo mengine yaache, daktari akifika atayaona yote. Ukimwaga yote siku moja anachosikia mtu ni "wewe ni mzazi mbaya", na geti linafungwa.

Wanaosema ripoti: sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360, na kuna wakati wake. Lakini familia iliyonunua poni kwa mapenzi ikamlisha kupita kiasi haijafika huko. Nendeni huko mkishaongea, mkaonyesha, na mtu akaamua kupuuza.

Kuna hali ambazo upole huu wote unautupa pembeni. Akilala na kugaragara akijitazama ubavu, au hajala wala kunya tangu asubuhi, hilo ni tumbo, mwite mama hapo hapo hata kama yuko kwenye mkutano. Joto la kawaida la farasi ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Likipanda, na ukaona vishimo vya juu ya macho vimevimba na anahema kwa shida, fikiria ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaambukizwa na usubi, vidudu vidogo vinavyoruka na kuuma, na unaweza kuua kwa siku chache. Wewe wa punda huenda hukuwahi kuuona kwa sababu punda wetu wanauhimili. Wenye farasi wapya mara nyingi hawajui kuna chanjo ya kila mwaka, wala kwamba ni vizuri kumwingiza bandani kabla jua halijatua, usubi unapoanza kuuma. Hilo laweza kuwa hata mlango wako wa mazungumzo: "Biskuti wenu alichanjwa lini?" Samahani, Biskuti ni wa kisa changu. Wa kwenu hukutaja jina.

Jumamosi ukifika, mtazame anavyogeuka kwenye kona kali kabla hujamtazama akienda mbele. Mwenye kwato zinazowaka hugeuka kama mzee mwenye mgongo, hatua fupi fupi. Ukiruhusiwa, piga video kutoka ubavuni, atembee kwenye sakafu ngumu halafu kwenye nyasi, na uiweke hapa uso wa mtoto yeyote usionekane. Nitaitazama usiku nikirudi kutoka Kiserian na lori.