Usiache kuprogramu kisa AI

Mdogo wangu umeuliza kama uache kujifunza kuprogramu kwa vile AI (akili mnemba) siku hizi inaandika kodi (code, maagizo ya programu) yenyewe, mi nakwambia usiache aisee, ila badilisha unachokazania. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kutengeneza fomu ya kujisajili ni kazi ya dakika, hapo huwezi kushindana nayo. Pesa iko kwa anayejua kwa nini kitu kimegoma.

Mwaka jana nilikesha na mfumo wa malipo ya simu wa duka moja, mteja kalipa mara moja salio lake likaongezeka mara mbili, kodi ukiitazama iko safi kabisa, kumbe mtandao ulikatika kidogo tu, ule ujumbe wa kuthibitisha malipo ukatumwa tena na hakuna aliyeweka sharti kwamba namba ya muamala isijirudie kwenye databesi. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa SQL, ile lugha ya kuagiza databesi, lakini mpaka kuufikia nilisoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo, hadi macho yakauma.

Kwa hiyo shika SQL, ipo tangu miaka ya 1970 na mpaka leo mabenki yanaitegemea, Linux (mfumo endeshi wa seva nyingi) na Git (chombo cha kutunza historia ya kodi) pia usiziruke. AI itumie, ila mstari usiouelewa usiupeleke kwa mteja. Halafu ingia Daraja, tovuti ya Safaricom ya waprogramu wanaounganisha mifumo yao na M-Pesa, kuna sehemu ya majaribio, jenga kitu kidogo kinachopokea malipo ya M-Pesa kisha kata intaneti katikati uone kinafanyaje.