Simu ya mama haina virusi

Dada, hiyo "Simu yako ina virusi 13" inayomrukia mama kila akifungua Chrome ni uongo mtupu. Ukurasa wa intaneti hauwezi kupekua simu ukahesabu virusi. Asibonyeze chochote ndani ya onyo, hata ile alama ya X, mara nyingi nayo ni mtego. Afunge ukurasa wenyewe. Halafu ingia mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa, uzuie kila tovuti msiyoijua. Shangazi yangu hapa Langoni, Lamu, alibonyeza "Ruhusu" tovuti moja ilipoomba kumtumia arifa akitafuta kaswida, zikawa zinamiminika hadi usiku wa manane, maskini akaogopa hata kuishika simu. Tulipoondoa ruhusa ile moja, kimya. Na kama mama alishapakua programu ya "kusafisha simu" kupitia onyo hilo, ifute leo hii.