Swali la msomaji: marubani wote tukichukua ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) siku moja, tumegoma?

SWALI: Ni rubani msaidizi katika shirika binafsi la ndege hapa Dar es Salaam, narusha ndege ya pangaboi. Tuliomba nyongeza ya mshahara tangu mwaka jana, menejimenti inatupiga danadana tu. Mwezi uliopita wakapunguza posho ya kulala nje ya kituo bila kutuuliza. Wenzangu wanataka Ijumaa ijayo wote tuchukue ED. Je, ni kosa? Mgomo halali unafuata njia gani? Halafu nina bondi ya mafunzo ya miaka 3, yaani niliahidi kulitumikia shirika muda huo au kulipa gharama za mafunzo. Nikiamua kuondoka itakuwaje?

JIBU: Ijumaa hiyo iacheni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kuwa mgomo kitendo chochote cha wafanyakazi kusimamisha kazi, yote au sehemu yake, kwa lengo la kumshinikiza mwajiri akubali dai. Haijali mmeandika nini kwenye karatasi. Marubani 20 wakiugua asubuhi moja, wiki ambayo mazungumzo ya mshahara yamekwama, hakuna msuluhishi atakayeamini kwamba ni malaria. Huo ni mgomo, tena haramu, kwa sababu umeruka hatua zote nitakazozitaja. Mwajiri anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba zuio na fidia, na kushiriki mgomo haramu ni utovu wa nidhamu unaoweza kumfukuzisha mtu kazi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza awasiliane na chama chenu na kuwapa onyo la mwisho lenye muda wa kutosha wa kurudi kazini, lakini hiyo ni kinga nyembamba.

Marekani walilijaribu hilo Februari 1999: marubani wa American Airlines waliugua kwa wingi, mahakama ikaamuru warudi, wakachelewa kutii, na chama chao kikatozwa takriban dola milioni 45. Karibu zaidi na sisi, marubani wa Kenya Airways walianza mgomo tarehe 5 Novemba 2022 wakati mahakama ilikwisha kuusitisha. Tarehe 8 jaji akaamuru wawe kazini saa 12 asubuhi ya siku iliyofuata, wakarudi. Hata dai likiwa zuri namna gani, amri ya mahakama ikishatoka, mnaojieleza ni ninyi.

Rubani aliyechoka kweli au anayeumwa kweli asiruke. Hapo hakuna mjadala, na leseni yenyewe inamtaka hivyo. Aandike taarifa ya uchovu yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, akitaja saa za zamu na saa alizolala. Taarifa kumi zenye maneno yaleyale zilizotumwa ndani ya nusu saa zitasomwa kama mgomo baridi. Na likizo ya ugonjwa yenye malipo (siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, katika mzunguko wa miezi 36) inahitaji cheti cha daktari. Daktari atakayewaandikia ED za uongo mnamtia matatani pia.

Sasa kwenye kiini. Mna migogoro miwili, na kosa kubwa la marubani wengi ni kuifunga kwenye barua moja. Nyongeza ya mshahara ni mgogoro wa maslahi: mnaomba kitu ambacho bado hamna. Posho iliyopunguzwa, kama imo kwenye mkataba wa ajira au mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), ni lalamiko: mnadai haki mliyokuwa nayo tayari. Mgomo unaruhusiwa kwa mgogoro wa maslahi tu. Lalamiko huamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, au Mahakama ya Kazi.

Anza na posho, maana ina saa inayokimbia. Lalamiko lisilohusu kufukuzwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea (la kufukuzwa ni siku 30). Kwa kuwa walikata mwezi uliopita, sehemu ya muda huo mmekwisha kuipoteza. Mnajaza fomu ya CMA namba 1, nakala mnampelekea mwajiri kwanza na kuhifadhi uthibitisho kwamba ameipokea, kisha mnaisajili Tume. Mkichelewa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, na lazima mtoe sababu nzito. “Tulikuwa tunazungumza nao” mara nyingi haitoshi. Ambatanisheni mkataba, hati za mshahara za kabla na baada, na rosta (ratiba ya zamu) inayoonyesha usiku mliolala Mwanza au Kigoma. Bila rosta mtabishana mwezi mzima kuhusu hesabu.

Kwa mshahara, swali la kwanza ni nani anazungumza kwa niaba yenu. Chama kilichosajiliwa chenye wanachama zaidi ya nusu katika kundi la majadiliano (wafanyakazi wanaojadiliwa pamoja) kina haki ya kutambuliwa na mwajiri. Jengeni hoja kwamba kundi hilo ni marubani peke yao, kwa sababu ya leseni, saa za kazi na mfumo wa malipo. Menejimenti itapenda muhesabiwe pamoja na wafanyakazi wote, ambako mtamezwa. Mwajiri akishapokea notisi ana siku 30 za kukutana na chama. Akikaa kimya, suala linakwenda CMA. Kikishatambuliwa, anawajibika kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa zinazohusika na majadiliano. Ombeni hesabu za gharama za wafanyakazi kwa maandishi.

Mkikwama, pelekeni mgogoro wa maslahi CMA. Usuluhishi una siku 30, labda pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza. Msikose kikao: upande wa wafanyakazi usipofika, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine, mwajiri asipofika, anaweza kuufupisha. Muda ukiisha bila mwafaka, chama kinapiga kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga kura wakikubali, mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Hifadhini karatasi za kura na daftari la wapigakura, kwani hapo ndipo wakili wa mwajiri atakapochokonoa kwanza.

Wengi hudhani rubani haruhusiwi kugoma kabisa. Orodha ya huduma muhimu ndani ya sheria inataja uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga. Kurusha ndege za abiria haikutajwa. Ila usafiri unaohitajika kwa huduma muhimu, kama afya, umo. Kama shirika lenu hubeba wagonjwa wa dharura, safari hizo ziwekeni nje ya mgomo tangu kwenye notisi. Na andikeni kwamba rubani aliyekwisha kuanza zamu atamaliza na kuirudisha ndege kituoni. Ndege iliyotelekezwa Mtwara na abiria ndani itawaharibia kila kitu.

Wakati wa mgomo halali hamfukuzwi kwa kugoma, lakini mshahara wa siku hizo hamlipwi. Mwajiri haruhusiwi kuajiri watu wa kuziba nafasi zenu. Akikodi ndege pamoja na marubani wake kutoka kampuni nyingine, atadai hakuajiri mtu. Ubishi huo uibueni mapema, wakati wa usuluhishi. Ninyi nanyi hamruhusiwi kupiga kambi getini wala kumzuia mwajiri kuingia ofisini.

Bondi haihusiani na haya yote, na kugoma kihalali si kuvunja mkataba. Ukijiuzulu, ukilipwa kwa mwezi notisi haipungui siku 28, na mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi. Kisha soma kifungu cha bondi: je, deni linapungua kila mwezi uliotumikia, au ni lote hadi siku ya mwisho? Ukitumikia miezi 24 kati ya 36 na deni linapungua, iliyobaki ni theluthi moja. Dai risiti za gharama halisi za mafunzo, na kabla ya kutia saini hesabu za kuondoka hakikisha hawajakata fedha ambayo hujaikubali kwa maandishi.